Kupigiwa Pembe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Neno la Kale la Sheria ya Uskoti

Anayesoma historia ya Uskoti, au kufuatilia ukoo wenye mizizi huko, hachukui muda kabla ya kukutana na mtu aliyeandikwa kuwa yuko "kwenye pembe". Neno la kisheria ni *horning*. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila linapotajwa. Jibu likishatolewa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Horning ni nini kwa ufupi?

Ni utaratibu wa kumtangaza mtu hadharani kuwa mwasi wa mfalme, kwa kumpigia pembe mara tatu, baada ya kukaidi amri iliyotolewa kwa jina la mfalme huyo. Mara nyingi mtu huyo hakushika silaha wala hakula njama na yeyote. Alikuwa anadaiwa tu.

Hapo ndipo penye uzito wa neno hili. Mtu aliyeshindwa kulipa fedha za mfanyabiashara wa ngano angeweza kuamka asubuhi moja na kukuta yeye ni adui wa taji. Kwa nini sheria ilizunguka hivyo, tazama swali la "Kwa nini deni liligeuzwa uasi?"

Kwa nini pembe?

Pembe ilikuwa sauti ya mfalme mahali ambapo mfalme mwenyewe hayupo. Watu wengi hawakujua kusoma, na tangazo lililobandikwa bila kusikika halikuwafikia. Katika hati za Kilatini za Uskoti mtu aliyetengwa namna hii huandikwa kuwa yuko *ad cornu*, yaani kwenye pembe, na katika Kiskoti husemwa yuko kwenye pembe ya mfalme. Mwanzoni silaha hii iliwalenga watuhumiwa wa makosa ya jinai walioitwa mahakamani wakatoroka. Madeni yaliingia baadaye, na yakaja kwa wingi kiasi kwamba leo neno hili hukumbukwa zaidi kwa ajili yake.

Kwa Kiswahili tuiteje?

Hapa ninatumia "kupigiwa pembe". Wapo wanaopendelea "kupigiwa mbiu", na hoja yao ina nguvu, kwa kuwa mbiu kwa asili ni pembe ya mnyama inayopulizwa kuita watu. Methali yetu inasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hata safari ya maneno haya mawili inafanana. Leo tunasema mtu "amepiga mbiu" naye ametoa tangazo redioni, pembe hakuna, na Waskoti nao waliendelea kusema *horning* muda mrefu baada ya hati kuwa muhimu kuliko sauti.

Kinachonizuia ni mwelekeo wa sauti yenyewe. Mbiu yetu inaita: njooni, kuna jambo. Pembe ya Uskoti ilifukuza. Iliwaambia wote waliosimama sokoni kwamba fulani si mwenzenu tena. Kiambishi cha kutendewa katika "kupigiwa" kinabeba maumivu hayo vizuri, na "pembe" inabaki karibu na neno la wenyewe.

## Jinsi ilivyofanyika

Hatua zilikuwaje, tangu deni hadi pembe?

Mdai alianza na hukumu ya mahakama, au na hati ya deni ambayo mdaiwa mwenyewe alikuwa amekubali isajiliwe kana kwamba ni hukumu. Kwa msingi huo aliomba barua ya pembe. Barua iliandikwa kwa jina la mfalme na kupigwa muhuri wake mdogo uitwao *signet*. Wanasheria wa Edinburgh walioshughulikia hati za muhuri huo waliunda chama chao, na chama hicho kipo hadi leo.

Kisha tarishi wa mfalme alimpelekea mdaiwa amri: lipa ndani ya siku kadhaa, la sivyo utapigiwa pembe. Siku hizo mara nyingi zilikuwa sita au kumi na tano, kutegemea hati ya deni ilivyosema. Zikipita bila malipo, tarishi alikwenda kwenye msalaba wa soko wa mji mkuu wa jimbo, akapaza sauti mara tatu kuwataka watu wasikilize, akaisoma barua, akapuliza pembe mara tatu, akamtangaza mdaiwa kuwa mwasi, na kubandika nakala pale pale. Baada ya hapo tangazo liliandikishwa katika daftari maalumu, na sheria ilitoa siku 15 tu za kufanya hivyo.

Msalaba wa soko ni kitu gani?

Usifikirie msalaba wa kanisani. Ni nguzo ya mawe iliyosimama mahali pa biashara, ishara kwamba mji una haki ya kuwa na soko. Ule wa Edinburgh, ulio karibu na kanisa la St Giles, una mnyama wa hadithi mwenye pembe moja kileleni. Wa zamani ulibomolewa mwaka 1756, na unaoonekana leo ulijengwa mwaka 1885 kwa fedha za William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza.

Mahali hapo hapajanyamaza. Septemba 2022, Charles III alipotangazwa kuwa mfalme, tangazo lilisomwa kwenye msalaba huo, na tarumbeta zikalia.

Tarishi wa mfalme ni sawa na dalali wa mahakama?

Kwa kazi, wanakaribiana. Wote wawili huingia pale ambapo hukumu imeshatoka na kilichobaki ni kuikazia. Ila tarishi wa Uskoti alikuwa ofisa wa taji, chini ya mkuu wa nembo za kifalme aitwaye Lord Lyon, na alibeba fimbo fupi iliyoitwa fimbo ya amani. Akizuiwa kwa nguvu kufanya kazi yake, aliivunja fimbo hiyo mbele ya waliomzuia, na kumzuia lilikuwa kosa kubwa linalojitegemea. Kazi hii bado ipo Uskoti.

Ilikuwa lazima pembe ipulizwe kweli?

Ndiyo. Cheti cha tarishi kilipaswa kueleza kwamba aliita watu mara tatu, alisoma barua na kupuliza pembe mara tatu. Cheti kisichotaja hayo kilimpa wakili wa mdaiwa mlango wa kuomba tangazo zima lifutwe. Mtu angeweza kuokoa mali yake kwa sababu ofisa alisahau mstari mmoja kuhusu pembe.

Wanaoiona pembe kama mapambo ya zamani wanakosea hapa. Sauti ile ilikuwa sehemu ya sheria, kama saini ilivyo sehemu ya mkataba.

## Mantiki yake

Kwa nini deni liligeuzwa uasi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Sheria ya Uskoti haikumfunga mtu moja kwa moja kwa sababu tu hana fedha. Kwa hiyo ilitafuta njia ya kuzunguka. Mfalme, akiombwa na mdai, humwandikia mdaiwa amri ya kulipa. Mdaiwa asipolipa, suala linaacha kuwa kati yake na mdai na linakuwa kati yake na mfalme, maana amekaidi neno la kifalme. Anatangazwa mwasi. Na mwasi, bila shaka, anaweza kukamatwa. Kwenye karatasi basi hakuna aliyefungwa kwa deni. Amefungwa kwa utovu wa utii.

Walter Scott, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya, alimpa mhusika mmoja wa *The Antiquary*, riwaya ya mwaka 1816, kazi ya kueleza hoja hii kwa kirefu, na wasomaji wengi wamelifahamu neno hili kupitia kwake.

Mimi naiona hoja hii kuwa ya werevu na ya kikatili kwa pamoja. Ya werevu kwa sababu ilimpa mdai mdogo mkono wa dola. Ya kikatili kwa sababu haikuuliza kama mdaiwa *anaweza* kulipa. Asiyetaka na asiyenacho waliitwa waasi kwa sauti ile ile.

Kanisa lilihusika vipi?

Kabla ya Mageuzi ya Kiprotestanti ya mwaka 1560, mahakama za kanisa ziliwabana wadaiwa kwa barua za laana. Asiyelipa alitengwa na ushirika. Mamlaka ya Papa yalipokataliwa nchini, silaha hiyo ilipotea, na pembe ya mfalme ikajaza nafasi yake. Ukisoma hati za pande zote mbili za mwaka huo utaona mfanano: kwanza mtu alitolewa nje ya kanisa, baadaye nje ya amani ya mfalme, na deni ni lile lile.

## Yaliyompata aliyepigiwa pembe

Alipoteza nini hasa?

Kwanza, mali yake inayohamishika iliangukia taji: mifugo, nafaka, samani, fedha. Pili, akibaki kwenye pembe kwa mwaka mmoja na siku moja, mapato ya ardhi yake kwa maisha yake yote yalikwenda kwa bwana aliyemmilikisha ardhi hiyo. Tatu, hakusikilizwa mahakamani. Hakuweza kushtaki wala kujitetea. Na hadi sheria ya mwaka 1612, aliyemuua mwasi wa namna hii, hata kama pembe ilipigwa kwa ajili ya deni tu, hakuadhibiwa.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena. Ndiyo sababu sipendi neno hili lielezwe kama kichekesho cha wanasheria wa kale.

Mali iliyotwaliwa ilienda kwa mdai?

Si moja kwa moja, na hapa mambo yaliharibika. Taji liliweza kuigawa mali ya mwasi kama zawadi kwa mtu mwingine, na wakati mwingine aliyepewa alikuwa rafiki au ndugu wa mwasi mwenyewe. Mali ikabaki nyumbani kwa jina jingine, mwasi akaendelea kula na kulala pale pale, na mdai akabaki na karatasi. Bunge la Uskoti lilipitisha sheria mwaka 1592 dhidi ya zawadi hizi za geresha.

Alifungwa?

Ndiyo, lakini kwa hati nyingine. Baada ya pembe mdai aliomba hati ya kukamata, na hapo mdaiwa alipelekwa gerezani. Gereza la deni la Uskoti lilikusudiwa kuuma. Wanasheria walitumia msemo wa Kilatini *squalor carceris*, dhiki ya gereza, wakimaanisha kwamba dhiki yenyewe ndiyo itakayomlazimisha mtu atoe fedha alizoficha. Asiye na kitu cha kuficha aliumia bure. Mwaka 1696 sheria iliyoitwa ya Neema ilimtaka mdai amlipie chakula mfungwa asiyeweza kujilisha, la sivyo aachiliwe. Wadai wengine walipopiga hesabu, walimwacha mtu aende.

Aliyeamua kukabidhi mali yake yote ili atoke alikuwa na aibu nyingine ya kupitia. Kiskoti kina neno *dyvour*, mtu aliyefilisika, na huyo aliweza kulazimishwa kuvaa vazi la rangi ya njano na kahawia ili kila ampitaye ajue. Desturi hiyo ilifutwa rasmi mwaka 1836.

Kulikuwa na pa kukimbilia?

Palikuwapo: eneo la abasia ya Holyrood, nyumba ya kale ya watawa, mashariki mwa mji wa kale wa Edinburgh. Ndani ya mipaka yake mdaiwa hakukamatwa. Waliojazana humo waliitwa kwa utani mabwana wa abasia. Jumapili waliweza kutoka na kutembea mjini bila hofu, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na ukamataji wa wadaiwa, mradi warudi kabla siku haijaisha.

Mtu alitokaje kwenye pembe?

Kwa kulipa, au kwa kuishawishi mahakama kuu ya madai isimamishe utekelezaji, kwa kawaida akiweka dhamana. Kisha ilitolewa barua ya kumfungua, nayo ilitangazwa hadharani kama ile ya kwanza. Mtu alirudishwa katika amani ya mfalme kwa kukabidhiwa fimbo ya amani. Napenda kwamba walifikiria hilo: kilichotangazwa sokoni kilifutwa sokoni. Matangazo mengi ya aibu ya siku hizi hayana siku yake ya kufutwa.

## Watu na matukio

Ni akina nani mashuhuri waliopigiwa pembe?

Wengi. Tarehe 10 Mei 1559 wahubiri wa Kiprotestanti waliotakiwa kufika Stirling mbele ya Mary wa Guise, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya binti yake, walipigiwa pembe kwa kutofika. Siku iliyofuata, baada ya mahubiri ya John Knox, ghasia zililipuka Perth, na Mageuzi yakashika kasi.

Tarehe 6 Agosti 1565 ilikuwa zamu ya James Stewart, Earl wa Moray, kaka wa Malkia Mary kwa baba, aliyepinga ndoa ya malkia huyo na Lord Darnley. Miaka miwili baadaye Mary aling'olewa, na Moray yule yule aliyetangazwa mwasi akawa mtawala kwa niaba ya mfalme mtoto.

Kwa upande wa madeni, mwandishi Thomas De Quincey alisakamwa na wadai katika miaka ya 1830, akapigiwa pembe na kukimbilia Holyrood.

Kama wakubwa walirudi hivyo, pembe ilikuwa na nguvu kweli?

Ilitegemea nani anapigiwa. Bwana mwenye ngome na watu wenye silaha aliweza kukaa kwenye pembe miaka, akicheka. Fundi wa viatu mjini hakuweza, kwa sababu duka lake lilikuwa hatua chache kutoka msalabani. Kadiri pembe ilivyotumiwa kwa kila deni, ndivyo ilivyozoeleka masikioni, na waasi wa karatasi wakawa wengi.

## Ilivyokwisha

Ilifutwa lini?

Haikufutwa kwa siku moja. Baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, vilivyozima uasi wa wafuasi wa ukoo wa Stuart, sheria iliyovunja mifumo ya zamani ya umiliki wa ardhi iliondoa pia utwaaji wa mali kutokana na pembe ya madeni. Mwaka 1838 utaratibu ulirahisishwa: hukumu yenyewe ilitosha kuwa kibali cha kumpa mdaiwa amri ya kulipa, na kuandikisha kwamba muda umepita kukachukua nafasi ya pembe. Mwaka 1880 kifungo cha madeni kwa sehemu kubwa kilikoma. Barua za pembe zenyewe ziliondolewa rasmi na sheria ya wadaiwa ya mwaka 1987.

Yaani neno lilibaki katika vitabu vya sheria karibu miaka 150 baada ya kukosa kazi ya kila siku.

Muungano wa 1707 haukuifuta?

Hapana. Mkataba wa Muungano na Uingereza uliiachia Uskoti mahakama na sheria zake za madai. Ndiyo maana London ilikuwa na magereza yake ya madeni na taratibu zake, na Edinburgh ikaendelea na pembe.

Kimebaki nini leo?

Viwili vya kushikika. Amri ya kulipa bado ipo: mdaiwa aliye ndani ya Muungano wa Ufalme hupewa siku 14, aliye nje siku 28. Na mikataba mingi ya Uskoti bado ina kifungu cha kukubali kusajiliwa "kwa kuhifadhiwa na kutekelezwa", kinachomruhusu mdai kukazia bila kufungua kesi. Ni kifungu kile kile kilichotajwa katika hatua ya kwanza hapo juu.

## Maswali ya pembeni

Kama mdaiwa alikuwa ng'ambo?

Amri ilisomwa kwenye msalaba wa Edinburgh na kwenye gati na ufuko wa Leith, bandari ya mji huo, naye akapewa siku 60. Picha hiyo hainitoki: ofisa amesimama ufukweni akiisomea bahari jina la mtu.

Wote waliweza kufungwa baada ya pembe?

Hapana. Wenye cheo cha ulodi hawakufungwa kwa deni la madai. Mke aliyeolewa kwa kawaida naye hakukamatwa kwa deni la namna hiyo, kwa kuwa sheria ilimhesabu chini ya mumewe, na hiyo haikuwa heshima.

Utaratibu huu ulifika Afrika Mashariki?

Haukufika. Sheria za madai za Kenya na Tanzania zilijengwa juu ya sheria za Uingereza, nyingi zikipitia India, si juu ya sheria ya Uskoti. Kifungo cha madai kinachojulikana katika nchi hizi kina asili nyingine. Huku mfungwa hahitaji kwanza kutangazwa mwasi.

Nimeona jina la babu yangu wa Uskoti katika daftari la pembe. Alikuwa mhalifu?

Pengine alikuwa na deni tu, au alimdhamini aliyekuwa nalo. Daftari hizi zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, na ni hazina kwa sababu zinataja mdai, kiasi, na mara nyingi kazi na makazi ya mdaiwa. Usiishie kwenye ukurasa uliomkuta. Barua za kufunguliwa ziliandikishwa pamoja na za pembe, kwa hiyo songa mbele miezi kadhaa na utafute jina lake likiwa na neno *relaxation*. Ukilikuta, tarishi alirudi msalabani kwa ajili yake.